Mikono ina kazi, akili je? Kufundisha kwa vitendo katika wilaya za shule za Marekani

Fungua ripoti ya mwaka ya wilaya ya shule nchini Marekani na ni nadra sana kuikosa picha hii: watoto wanne wamezunguka meza, miwani ya usalama machoni, mmoja kashika chupa yenye kimiminika cha buluu na wenzake wamekodoa macho. Watoto waliokaa kimya wakifikiri hawapigwi picha. Picha ya chupa inamwonyesha mlipa kodi kwamba fedha yake inafanya kazi na watoto wamechangamka. Haimwambii kama wale wanne, kimiminika kikishamwagwa na meza kufutwa, wanaweza kueleza kwa nini kilikuwa cha buluu.

Kufundisha kwa vitendo kuna watetezi wanaokusifu kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, na kuna wapinzani wanaokuona kama michezo iliyovishwa joho la elimu. Pande zote mbili zina ushahidi. Sababu ni kwamba zinazungumzia vitu tofauti kwa jina moja, na sehemu kubwa ya kinachoamua matokeo hufanyika nje ya darasa, kwenye maghala, ratiba na bajeti za wilaya.

Kwanza wilaya yenyewe. Marekani ina idara ya elimu ya shirikisho, lakini sheria inaikataza kuamuru shule zifundishe nini. Majimbo ndiyo yanayoweka viwango, na utekelezaji uko mikononi mwa wilaya za shule zipatazo 13,000. Kwa kawaida kila moja ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, na bodi hiyo humwajiri mkuu wa elimu. Karibu moja ya kumi tu ya fedha hutoka serikali ya shirikisho. Nyingine hutoka jimboni na katika mapato ya hapo hapo, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Kwa hiyo mtoto kushika betri darasani au kutoishika ni uamuzi unaoweza kutofautiana kati ya wilaya mbili zinazotenganishwa na barabara.

Mambo matatu ndani ya jina moja

La kwanza ni kushika vitu: mbegu, mizani, sumaku, vipande vya mbao vya kuhesabia. La pili ni kuachiwa ugundue mwenyewe, mwalimu akijiweka kando. La tatu ni akili kulazimika kutoa kitu ambacho hakikuwapo: utabiri, maelezo, hoja, mpango wa jaribio. Mara nyingi watu huyaona matatu haya kama kitu kimoja, kwa sababu katika somo zuri hutokea pamoja. Lakini hayategemeani. Mwanafunzi anayefuata karatasi ya maelekezo, "mimina mililita 20, koroga, andika rangi", anashika vitu na hafikirii lolote. Mwanafunzi anayebishana na mwenzake kwa kalamu na karatasi kuhusu kwa nini meli ya chuma haizami hajashika chochote, na pengine ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko wote darasani.

Mwaka 2014 watafiti wa elimu Michelene Chi na Ruth Wylie walipanga ushiriki wa mwanafunzi katika ngazi nne. Chini kabisa yupo anayepokea tu. Juu yake yupo anayetenda kitu kwa mwili, kama kunakili, kupigia mstari au kusogeza vipande. Anayefuata anazalisha wazo ambalo halikuwa kwenye kitabu, na juu kabisa ni wale wanaozalisha kwa kujibizana. Madai yao ni kwamba kadiri ngazi inavyopanda ndivyo mtu anavyojifunza zaidi. Nashauri ukiusoma mpango huo utazame mikono ilipo: kuitumia peke yake kunakupeleka ngazi ya pili tu.

Betri moja, waya mmoja, balbu moja

Nadharia hii inaeleweka vizuri ikiletwa kwenye somo moja, na hakuna linalofaa kuliko lile linalofundishwa karibu kila mahali: umeme kwa betri na balbu ya tochi.

Mpe mtoto wa miaka tisa betri moja, kipande kimoja cha waya na balbu ndogo, umwambie aiwashe. Wengi huanza kwa kuunganisha ncha moja ya betri na kitako cha balbu kwa waya, kisha wanangoja. Hakuna kinachotokea. Dhana yao ina mantiki, kwa kuwa kila kifaa cha umeme walichowahi kuona kina kamba moja inayoingia ukutani. Kwamba ndani ya kamba ile moja zimo nyaya mbili au tatu, hakuna aliyewaambia. Wataendelea kuhangaika, watageuza betri, watabadilisha balbu wakidhani imeungua. Mwingine ataunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu na kuuachia haraka baada ya kuungua vidole, na hapo mwalimu makini anasimamisha darasa kidogo, maana mzunguko mfupi ni somo kamili lililojileta. Hatimaye mmoja anagundua kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa, kitako na ubavu wa chuma, na kwamba umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Taa inawaka, shangwe zinalipuka, ugunduzi unasambaa meza hadi meza.

Hapo ndipo masomo mengi huishia, na ndipo lilipo kosa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Roger Osborne na wenzake nchini New Zealand waliwauliza watoto wanadhani kuna nini ndani ya waya. Majibu yalijikusanya kwenye mafungu machache. Kuna wanaodhani waya mmoja unatosha kufikisha umeme, na ule wa pili ni wa ziada. Wengine hudhani mikondo miwili hutoka kila upande wa betri na kugongana ndani ya balbu, na mgongano huo ndio mwanga. Wengine, na hawa ni wengi, hudhani mkondo unazunguka kweli lakini balbu inaula, kwa hiyo kinachorudi kwenye betri ni kidogo kuliko kilichotoka. Wachache husema mkondo ni ule ule mzunguko mzima. Hawa ndio wako sahihi, kwani kinachotumika ni nishati, na mkondo haupungui.

Sasa iangalie ile taa iliyowaka. Imemkosoa anayeamini njia moja inatosha. Anayeamini mgongano haijamgusa. Kwake imethibitisha, maana pande zote mbili za betri zimeunganishwa na mgongano umetokea. Anayeamini balbu inakula mkondo naye yuko salama. Watoto wametumia dakika arobaini kwa furaha ya kweli na wametoka na imani zile zile walizoingia nazo, safari hii zikiwa na ushahidi nyuma yake. Jambo hili haliwezi kurekebishwa kwa vifaa zaidi. Linarekebishwa kwa swali linalozipambanisha dhana hizo: tukiweka balbu mbili mfululizo kwenye njia moja, ipi itawaka zaidi? Anayeamini mkondo unaliwa lazima aseme ya kwanza. Aandike jibu lake na sababu yake kabla hajagusa waya. Halafu wawashe.

Zinawaka sawa. Au tuseme, zinapaswa kuwaka sawa. Balbu za bei ya chini zinazotoka kwenye sanduku moja mara nyingi hazilingani, na balbu mbili tofauti zikiwekwa mfululizo moja itang'aa kuliko nyenziwe. Ikitokea iliyo karibu na upande fulani wa betri ndiyo inayong'aa, mtoto mwenye dhana potofu amepewa uthibitisho na somo la sayansi lenyewe. Mwalimu anayejua atasema: zibadilishaneni nafasi. Mwangaza mkali ukihama pamoja na balbu, tatizo ni la balbu. Mwalimu asiyejua ataogopa, atasema "kwa kawaida huwa sawa", na watoto watajifunza kwamba kilichoandikwa kitabuni kinashinda macho yao.

Nimekaa hapa muda mrefu kwa makusudi. Somo moja limegeuzwa na vitu vitatu visivyoonekana kwenye picha ya ripoti: swali lililoandaliwa mapema, mwalimu anayejua dhana potofu za watoto wa umri ule, na balbu zinazolingana. La mwisho ni suala la ununuzi, na linaamuliwa na mtu aliyeko ofisini ambaye huenda hajawahi kufundisha umeme.

Wazo lenye umri mkubwa

Wengi huliona jambo hili kama mtindo mpya. Katika miaka ya 1880 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuhesabu majaribio ya fizikia yaliyofanywa na mwanafunzi mwenyewe katika masharti ya kujiunga, na orodha ya majaribio hayo iliandaliwa na Edwin Hall, mwanafizikia yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye athari ya Hall, jambo la umeme na sumaku. Shule za sekondari zilijikuta zinajenga maabara. Mwaka 1896 mwanafalsafa wa elimu John Dewey alifungua shule ya majaribio Chicago ambako watoto walipika, walifuma na kuchonga mbao, na kutoka humo wakaingia kwenye kemia, historia na hesabu. Dewey ndiye anayetajwa kila mtu anapotetea vitendo. Husahaulika kwamba mwaka 1938, akiwa mzee, aliwageukia wafuasi wake mwenyewe na kuwaonya kuwa si kila tajiriba inaelimisha. Nyingine humfunga mtu asijifunze zaidi.

Mwaka 1917 Sheria ya Smith-Hughes ilileta fedha za shirikisho kwa mafunzo ya kilimo, ufundi na sayansikimu katika shule za umma. Kisha Wasovieti wakarusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumwaga fedha kwenye sayansi na hesabu kwa jina la ulinzi wa taifa. Wanasayansi wakubwa waliingia kuandika mitaala. Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipendekeza mpangilio ambao bado unafuatwa: watoto wachezee kitu kwanza, mwalimu alete wazo na istilahi baadaye, halafu watoto walitumie wazo hilo mahali pengine. Mpangilio huu hauwaachi watoto wagundue kila kitu, na pia haumruhusu mwalimu kuanza na fasili ubaoni.

Ushahidi unaoonekana kugongana

Mwaka 2004 David Klahr na Milena Nigam walichapisha utafiti uliowakera watetezi wengi wa ugunduzi. Wanafunzi zaidi ya 100 wa darasa la tatu na la nne walipewa mbao za mteremko na mipira, wachunguze nini hufanya mpira uende mbali. Lengo lilikuwa wajue kupanga jaribio la haki, yaani kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Kundi moja liliendelea kujaribu lenyewe bila kufundishwa. Kundi la pili mwalimu aliwaonyesha majaribio mazuri na mabaya na kueleza kwa nini. Waliofikia umahiri walikuwa asilimia 77 kwa waliofundishwa, asilimia 23 kwa walioachiwa. Wale wachache waliogundua wenyewe hawakuwa bora baadaye kuliko waliofundishwa.

Miaka miwili baadaye Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walieleza kwa nini: kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu, na anayeanza kujifunza akitupiwa tatizo bila mwongozo anaimaliza yote kwa kutafuta njia, habakizi nafasi ya kujifunza. Walijibiwa mwaka 2007 na watafiti waliosema kwamba uchunguzi mzuri wa darasani haukosi mwongozo. Umejaa mwongozo, ila umefichwa kwenye maswali na vifaa. Kwangu mimi, pande zote mbili zilikuwa sahihi kuhusu darasa tofauti.

Upande wa pili wa mizani upo uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za madarasa ya sayansi, hesabu na uhandisi vyuoni. Penye mihadhara tu walifeli karibu asilimia 34. Wanafunzi walipofanyishwa kazi wakati wa kipindi, walifeli karibu asilimia 22. Huu ni ushindi mkubwa, lakini angalia kilichopimwa: wanafunzi kujibu maswali, kutatua mafumbo kwa vikundi, kujadiliana. Vifaa vya kushika havikuwa sharti.

Ukiuweka utafiti wa Klahr kando ya ule wa Freeman, mgongano unayeyuka. Kilichoshindwa ni lile jambo la pili, kuachiwa peke yako. Kilichoshinda ni la tatu, kulazimishwa kufikiri na kutoa jibu. Na la kwanza, kushika vitu? Hilo linategemea. Mwaka 2008 Ian Abrahams na Robin Millar walitazama vipindi 25 vya vitendo katika shule za sekondari za Uingereza. Walikuta masomo yamefanikiwa sana kuwafanya wanafunzi wafanye kilichokusudiwa kwa vifaa, na yamefanikiwa kidogo kuwafanya watumie mawazo ya kisayansi yaliyokusudiwa. Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walikuta kwamba wanafunzi waliotazama tu jaribio likionyeshwa na mhadhiri hawakulielewa zaidi sana ya wale ambao hawakuliona kabisa. Walioombwa kutabiri kabla ya kuona walielewa vizuri zaidi. Utabiri wenyewe huchukua dakika chache.

Hata kwenye hesabu vifaa vina mtego. Watoto waliopewa noti na sarafu za kuchezea zilizofanana sana na fedha halisi walikosea zaidi kwenye mahesabu kuliko waliopewa vipande vya karatasi visivyopambwa, kwa mujibu wa utafiti wa Nicole McNeil na wenzake wa mwaka 2009. Kifaa kikivutia mno, macho hubaki kwenye kifaa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakuu wa wilaya wangefaa kulibandika ukutani. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake, Harvard, waliwafundisha wanafunzi wa fizikia kwa njia mbili, muhadhara uliopangiliwa vizuri na kipindi cha kushughulisha. Waliofanyishwa kazi walijifunza zaidi lakini walihisi wamejifunza kidogo. Wilaya nyingi hupima mafanikio ya mradi kwa dodoso: mlifurahia? mnaona mlijifunza? Kwa mwanafunzi mkubwa, jasho la kufikiri linaweza kumdanganya kwamba hakujifunza. Kwa mdogo nadhani ni kinyume, shangwe ya taa kuwaka inaweza kumdanganya kwamba alijifunza. Kwa vyovyote dodoso halifai.

Ghala, dakika na mfuko wa mwalimu

Njia ambayo wilaya nyingi ziliitegemea kusambaza vitendo ni sanduku. Taasisi kama Lawrence Hall of Science ya Berkeley, na kituo kilichoanzishwa mwaka 1985 na taasisi ya makumbusho ya Smithsonian pamoja na Chuo cha Taifa cha Sayansi, zilitengeneza masomo yanayokuja na vifaa vyake: sanduku la plastiki lenye mizani, vikombe, mbegu, sumaku, kitabu cha mwalimu. Wilaya iliyojipanga haimwachii mwalimu sanduku hilo milele. Ina ghala. Gari hupeleka sanduku shuleni, linakaa wiki kadhaa, linarudi, wafanyakazi wanahesabu kilichomo, wanajaza kilichotumika, wanatupa betri zilizokufa, kisha linakwenda kwa mwalimu mwingine. Viumbe hai, kama viwavi wa vipepeo au kambamwitu wa maji baridi, huagizwa wafike juma linalotakiwa. Wilaya ya Mesa, Arizona, ilijulikana kwa miaka mingi kwa kituo cha namna hii.

Mfumo huo ulivutia hata wageni. Mwanafizikia Leon Lederman, mshindi wa Nobel, alimwonyesha mwenzake Mfaransa Georges Charpak, naye mshindi wa Nobel, madarasa ya Chicago yaliyofundisha hivyo. Charpak alirudi nyumbani na mwaka 1996 akaanzisha na wenzake mpango wa La main à la pâte, ambao bado upo katika shule za msingi za Ufaransa.

Udhaifu wa sanduku uko kwenye kulijaza upya. Kununua ni tukio. Kuna mfadhili, kuna hafla, kuna picha. Kujaza ni gharama ya kila mwaka isiyo na mtu wa kuipigia makofi, na bajeti ikibana ndiyo hukatwa kwanza. Sanduku lenye vikombe 32 hurudi na 27, siki imekwisha, balbu mbili zimepasuka. Mwalimu anayelipokea hivyo ana uchaguzi wa kwenda dukani mwenyewe au kuliacha pembeni. Sheria ya kodi ya Marekani inakiri jambo hili waziwazi: mwalimu anaruhusiwa kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi sehemu ya fedha alizotumia kununulia vifaa vya darasa. Mwaka 2022 kikomo kilipandishwa kutoka dola 250 hadi 300.

Muda ni mgumu kuliko vifaa. Sheria ya No Child Left Behind, iliyotiwa saini Januari 2002, iliagiza watoto wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na shule ziliadhibiwa kwa matokeo hayo. Sayansi ilipimwa mara chache zaidi, na ratiba zikafuata adhabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, kusoma na lugha kulipata wastani wa dakika 89 kwa siku, hesabu 57, na sayansi 18. Katika dakika 18 huwezi kugawa vifaa, kutabiri, kujaribu, kujadili na kukusanya vifaa. Unaweza kugawa na kukusanya. Kwa hiyo mjadala ndio unaokatwa, yaani ile sehemu yenye somo. Baadhi ya walimu hujikusanyia muda kwa kufundisha sayansi kipindi kirefu siku mbili kwa wiki, na kwa maoni yangu hilo lina maana kuliko kununua sanduku la pili.

Usalama nao una uzito wake. Chama cha taifa cha walimu wa sayansi kinapendekeza maabara isizidi wanafunzi 24 kwa mwalimu mmoja. Mwaka 2014 bodi ya shirikisho ya usalama wa kemikali ilitoa onyo maalumu baada ya wanafunzi na watoto kuungua katika maonyesho ya miale ya rangi, yanayotumia methanoli. Maonyesho hayo yanaweza kufanywa bila methanoli kabisa, na rangi zikabaki zile zile. Yaliendelea kwa sababu mlipuko mdogo wa moto unapendeza.

Nje ya ratiba

Shughuli za wanafunzi baada ya masomo mara nyingi huwekwa kapu moja na burudani, wakati ndiko baadhi ya mafunzo makali ya vitendo yaliko. Chama cha wanafunzi wa kilimo, FFA, kilianzishwa Kansas City mwaka 1928. Katika elimu ya kilimo inayoambatana nacho, mwanafunzi ana mradi wake mwenyewe, mifugo au shamba au biashara, na lazima atunze hesabu zake. Ndama akikonda hakuna wa kumlaumu. Mashindano ya roboti ya FIRST, taasisi iliyoasisiwa na Dean Kamen mwaka 1989, huwapa vijana wiki chache kubuni mashine inayotakiwa kufanya kazi siku iliyopangwa. Kinachofanana katika yote mawili ni kwamba kitu chenyewe kinatoa hukumu, na mwanafunzi anapata muda wa kurekebisha. Darasani hukumu hutolewa na mwalimu, mara moja, kisha wanahamia mada nyingine. Ubaya ni kwamba shughuli hizi huwafikia wanaoweza kubaki shuleni jioni, na wasio na usafiri wa kurudi nyumbani hawamo.

Safari za masomo zilidharauliwa sana mitihani iliposhika hatamu. Jumba la sanaa la Crystal Bridges lilipofunguliwa Arkansas mwaka 2011, shule zilizoomba kutembelea zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikapigwa bahati nasibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas wakapata nafasi adimu ya kulinganisha karibu wanafunzi 11,000, waliokwenda na ambao hawakwenda. Ziara ilikuwa ya nusu siku tu. Waliokwenda walikuwa bora zaidi katika kuichambua picha ambayo hawajawahi kuiona, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa vijijini na wa shule za kipato cha chini. Hawakushika hata brashi. Walisimama mbele ya mchoro na kuulizwa wanaona nini na kwa nini wanafikiri hivyo.

Mtihani wa barafu

Tathmini ya taifa ya Marekani iliwahi kujaribu kupima vitendo kwa vitendo. Mwaka 2009 sampuli ya wanafunzi wa darasa la nne, la nane na la kumi na mbili walipewa kazi za vifaa halisi na nyingine za kompyuta, na matokeo yakatoka 2012. Katika kazi moja ya darasa la nne kulikuwa na barafu inayoyeyuka. Asilimia 71 ya watoto walichagua jibu sahihi kuhusu ujazo unavyobadilika. Walioweza kuueleza kwa ushahidi walioukusanya wenyewe walikuwa asilimia 15. Ripoti ilionyesha sura hiyo hiyo katika kazi nyingine: kutazama na kusoma data chache walimudu, kuunganisha hitimisho na ushahidi kuliwashinda.

Mitihani ya vifaa halisi ni ghali. Lazima vifaa visafirishwe, visimamiwe, na majibu yasahihishwe na binadamu. Ndiyo maana majimbo yanaelekea kwenye jaribio la kioo cha kompyuta. Lakini mwalimu hahitaji kusubiri jimbo ili apime pengo lile la 71 na 15. Anahitaji karatasi yenye safu tatu: nadhani itakuwa nini na kwa nini, nimeona nini, na maneno yangu ya kwanza yanahitaji kubadilishwa wapi. Bodi ya wilaya inayotaka kujua kama masanduku yake yanafundisha inaweza kuomba karatasi thelathini za aina hiyo kutoka darasa lolote, bila kuzichagua, na kuanza kusoma safu ya tatu.